Matofali ya Katumba



Mwaka 1996 nilikuwa mwanafunzi, na mwalimu wangu alinituma Katumba kumsaidia kujaza madodoso. Nilipanda treni Tabora, tukapita Kaliua, tukaingia msituni kwenye reli ya Mpanda, na nikashuka stesheni ya Katumba alfajiri nikiwa na mfuko wa karatasi na kibali chenye mhuri. Siku zile mtu hakuingia makazi ya wakimbizi bila kibali, na wenyewe hawakutoka bila kibali. Nyumba ya nne niliyobisha hodi ilikuwa ya mama mmoja ambaye sitamtaja jina. Nyumba yake ilikuwa ya udongo, imeezekwa nyasi. Nyuma yake palikuwa na bani la tumbaku, na upande wa kulia shamba la mihogo lililopandwa karibuni, miche haijafika magotini.

Swali la kumi na nne katika dodoso langu lilikuwa hili: unataka kurudi Burundi au kubaki Tanzania? Chini yake palikuwa na visanduku vitatu: kurudi, kubaki, hajui. Mama aligeuka akalitazama shamba. Akaniambia, "Mwanangu, muhogo huu nimeupanda mwezi uliopita. Nikiondoka kesho, nani atang'oa?"

Nikatia tiki kwenye "hajui".

Karatasi zile hazikuchapishwa popote, kwa hiyo tiki yangu haikumdhuru mtu. Lakini imenikaa moyoni miaka yote hii, kwa sababu mama yule alijua vizuri sana. Muhogo huchukua mwaka na zaidi kukomaa. Alichonijibu ni kwamba uamuzi wake una msimu, na kwamba nikitaka kuujua nirudi msimu mwingine. Mimi sikuwa na kisanduku cha kuandikia muda. Mhadhara wangu wa leo unahusu kisanduku hicho kilichokosekana.

Tukumbushane historia kwa ufupi. Kuanzia Aprili 1972, jeshi na serikali ya Burundi waliua Wahutu wengi, hasa wenye elimu: walimu, makarani, wanafunzi, wachungaji. Waliouawa walizidi 100,000. Walionusurika wakavuka mpaka kwa miguu na kwa mitumbwi ya Ziwa Tanganyika. Serikali yetu, chini ya Mwalimu Nyerere, iliwapa ardhi ya msitu: kwanza Ulyankulu, mkoani Tabora, na Katumba, wilaya ya Mpanda, na mwishoni mwa miaka ya 1970 ikafunguliwa Mishamo, kwa sababu Ulyankulu ilikuwa imejaa kuliko maji na udongo wake ulivyoweza kubeba. Walipewa majembe, mbegu na mashamba, na chakula cha msaada mpaka walipovuna vya kwao. Baada ya miaka michache hawakuhitaji mgao. Walilisha Mpanda mjini. Maharage niliyokula utotoni yalitoka Katumba, na mama yangu akirudi sokoni aliyaita hivyo hivyo, "maharage ya Katumba", kama vile mtu anavyosema mchele wa Kyela.

Kwa hiyo mtu aliyefika Katumba mwaka 1980 akapima kwa debe angesema: hawa wametulia. Wanakula, wanauza, wanalipa kodi. Angekuwa sahihi kwa debe lake.

Mwaka 1985 akaja Mishamo mwanaanthropolojia, Liisa Malkki, mzaliwa wa Finland. Alikaa karibu mwaka mzima, akigawa muda wake kati ya Mishamo na Kigoma mjini, na mwaka 1995 akachapisha kitabu, *Purity and Exile*. Alikuta jambo ambalo debe lisingeweza kulipima. Watu wa Mishamo, wenye mashamba na zahanati, walikuwa wakisimuliana habari za Burundi usiku na mchana. Walijiona taifa lililo uhamishoni, na kuishi kambini kwao kulikuwa njia ya kulitunza taifa hilo mpaka siku ya kurudi. Wenzao wa Kigoma mjini, waliokimbia mauaji yale yale mwaka ule ule, hawakutaka hata kuitwa wakimbizi. Walioa na kuolewa na wenyeji, walibadili majina, wengine wakajulikana kama Waha tu, maana Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Asili yao ilikuwa moja na maafa yao yalikuwa mamoja. Kilichowatenga ni mahali walipowekwa na namna walivyowekwa.

Sasa nisikilizeni. Mwaka 2007, miaka 21 baada ya Malkki kufungasha, serikali ya Tanzania iliwauliza watu wa makazi yale matatu swali langu la kumi na nne. Wakati huo walikuwa kama 218,000. Karibu wanne katika kila watano walisema: tunaomba uraia. Waliochagua kurudi walikuwa mmoja katika watano.

Watu wale wale ambao kitabu kiliwaonyesha wakiishi kwa ajili ya kurudi! Je, Malkki alikosea? Nimewasikia wanafunzi wakisema hivyo, na nawakatalia. Aliandika alichosikia mwaka 1985 na 1986, na alisikia vizuri. Kilichotokea ni kwamba maisha hayakusimama kumsubiri msomaji wa kitabu. Watoto waliozaliwa msituni walikua na kuwa wazazi. Wazee waliokuwa wakisimulia walianza kuzikwa pale pale. Huko Burundi mashamba waliyoacha Rumonge na Makamba yalikuwa na watu wengine kwa miaka zaidi ya 30, na watu hao nao walikuwa na watoto na makaburi. Burundi iliunda tume ya ardhi mwaka 2006 kuamua mashauri hayo, na habari za mashauri zilifika Katumba upesi kuliko barua yoyote ya serikali. Mkimbizi akawa anapiga hesabu ya kaka yangu amepata nini, shamba limegawanywaje, jirani mpya ana sura gani. Hesabu hiyo haikuwepo mwaka 1985, kwa hiyo hakuna mtafiti wa 1985 ambaye angeweza kuikuta.

Nilirudi Katumba mwaka 2012. Safari hii nilijituma mwenyewe. Mama yule alikuwa bado kwenye nyumba ya udongo, nyasi za paa zimebadilishwa. Lakini uani palikuwa na kitu kipya: rundo la matofali ya kuchoma, refu kunizidi, limefunikwa nyasi, na juu ya nyasi imeota mboga ya maboga. Nikauliza. Akasema aliyachoma mwaka ule walipojaza fomu za uraia, yeye na wanawe, kuni walikata wenyewe. Halafu ikatangazwa kwamba uraia umekubaliwa, lakini makazi yatafungwa na raia wapya watahamishiwa mikoa mingine, huku familia chache, kule familia chache. Akanionyesha rundo kwa kidevu. "Baba, nani anajenga nyumba njiani?"

Mdogo wake, wa kiume, alikuwa amechagua kurudi. Aliondoka mwaka 2009 na misafara ya wale zaidi ya 50,000 waliorudishwa Burundi, akaenda Makamba. "Yeye ameshajenga," mama alisema, na sikuweza kujua kama alimwonea wivu au alimwonea huruma.

Matofali yale yalinifundisha kuliko semina zote nilizohudhuria. Kwenye karatasi za serikali, mama alikuwa ameshakubaliwa uraia wa tajinisi tangu 2010. Kwenye takwimu za mashirika alikuwa amehesabiwa kama kisa cha mafanikio, na kweli kilikuwa kisa kikubwa: watu zaidi ya 160,000 kupewa uraia kwa pamoja ni tendo ambalo nchi tajiri hazijathubutu. Tulishawahi kufanya hivyo kwa kiasi kidogo mwaka 1980, kwa Wanyarwanda wapatao 36,000, na mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alitunukiwa medali ya Nansen. Naitaja nchi yangu kwa fahari. Lakini nyumba yake ilikuwa rundo chini ya maboga. Mpango wa kuwahamisha ulisitishwa mwaka 2011, ila kusitishwa si kufutwa, na mtu hajengi msingi juu ya neno "sitisha". Vyeti vyenyewe vilianza kugawiwa Oktoba 2014. Kati ya ndiyo ya serikali na cheti mkononi pana miaka minne. Utafiti gani wa wiki mbili ungeiona miaka hiyo minne?

Nataka kuwapeleka mbali kidogo, Vancouver, pwani ya magharibi ya Kanada, kwa sababu huko ndiko nilikoona kwa mara ya kwanza utafiti uliojengwa tangu mwanzo kwa nia ya kurudi.

Mwaka 1979 na 1980 Kanada ilipokea wakimbizi 60,000 kutoka Asia ya Kusini-Mashariki, wengi wao wale waliokimbia kwa mashua mbovu baada ya vita vya Vietnam. Wengine waligharimiwa na serikali, wengine na vikundi vya raia wa kawaida, waumini wa kanisa moja au majirani wa mtaa mmoja waliochanga fedha na kuwapokea uwanja wa ndege. Daktari wa magonjwa ya akili aitwaye Morton Beiser, na wenzake, mwaka 1981 walianza kuwahoji wakimbizi 1,348 waliokuwa Vancouver. Wakawarudia miaka miwili baadaye. Kisha, baada ya muongo, wakawatafuta tena.

Hebu fikirini kazi hiyo. Watu wamehama mitaa mara nne, wameolewa na kubadili majina, wengine wamehamia Toronto. Simu za mkononi hakuna. Ilibidi mtafiti awe na subira ya mvuvi.

Walikuta nini? Nitataja mambo mawili tu. La kwanza ni lugha. Katika miaka ya mwanzo, kujua au kutojua Kiingereza hakukuleta tofauti, si katika kupata kazi, si katika sonona. Kama Beiser angefunga mafaili mwaka 1983, angeweza kuishauri serikali kwamba madarasa ya lugha ni fedha ya kutupa, na angekuwa na takwimu za kumlinda. Lakini baada ya miaka kumi mambo yaligeuka. Wasiojua Kiingereza ndio waliokosa kazi na ndio waliosongwa na sonona, na waliobanwa zaidi walikuwa wanawake, pamoja na wale ambao hawakuingia kwenye ajira mapema. Mwanzoni kila mgeni yuko mlango mmoja na mwenzake, wote wanafagia, wote wanaosha vyombo. Lugha huanza kudai haki yake pale mmoja anapotaka kupanda ngazi na mwingine anapobaki na watoto wanaorudi kutoka shule wakizungumza maneno asiyoyaelewa.

Jambo la pili ni kumbukumbu. Mwanzoni, waliojizuia kufikiria walikotoka walikuwa na afya nzuri ya akili kuliko waliokuwa wakiyarudia ya nyuma. Kufunga mlango wa jana kuliwasaidia kuishi leo. Lakini mlango huo haufungwi milele. Miaka ikipita, jana hurudi na kubisha. Nasoma matokeo hayo nikiwakumbuka vijana wa Marc Sommers, na nitawaeleza ni akina nani.

Sommers ni Mmarekani aliyefanya utafiti Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kitabu chake, *Fear in Bongoland*, kilitoka mwaka 2001. Aliwafuata vijana Warundi waliozaliwa au kukulia kwenye makazi yetu haya haya, wakatoka kimyakimya, wakawa mafundi cherehani mjini. Ukiwauliza kwao ni wapi walisema Kigoma. Kiswahili chao kilikuwa safi, vicheko vyao vya Dar. Lakini walilala na hofu. Hawakuona mauaji ya 1972. Waliyarithi kwa masimulizi ya wazazi wao, na waliwaogopa wakimbizi wenzao. Mimi nimeshonewa suruali na vijana wa namna hiyo, pengine na ninyi pia, na hatukujua. Kwa kila kipimo cha nje walikuwa watu wa mjini waliozama kabisa. Kipimo cha ndani kilisema vingine, na kilisema hivyo kizazi kizima baada ya safari.

Nayaleta haya ya Vancouver mezani kwetu kwa sababu kubwa. Katika mwaka wa fedha 2016, nchi iliyotoa wakimbizi wengi zaidi waliopokewa Marekani ilikuwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, zaidi ya watu 16,000. Wengi wa Wakongo waliohamia kule wanazungumza Kiswahili, na wengi waliishi miaka mingi kambi ya Nyarugusu, Kasulu, kabla ya kupanda ndege. Ni majirani zetu, wengine ni wanafunzi wetu. Walipofika, msaada wa kuwapokea ulikuwa wa siku 90, na kila kitu kiliwasukuma kupata kazi haraka, ya kiwanda cha nyama au ya kutandika vitanda hotelini. Mafanikio yalipimwa hapo: je, amepata kazi? Utafiti wa Vancouver unatuambia kwamba kipimo hicho kinamwona mtu mlangoni tu. Mama wa Kikongo anayefungasha kuku zamu ya usiku, asiye na saa ya kwenda darasani, leo anahesabiwa kwenye safu ya waliofaulu. Nani atamtembelea baada ya miaka kumi? Nchi chache zimeanza kufanya hivyo. Australia ilianza na watu karibu 2,400 mwaka 2013 na kuwahoji kila mwaka kwa miaka mitano. Ujerumani inawafuatilia waliofika tangu 2013, kwa mahojiano yaliyoanza 2016. Nazipongeza. Lakini miaka mitano, kwa mtu aliyepoteza nchi, ni asubuhi tu.

Hadi hapa nimewazungumzia wanaofika. Waliowapokea nao hubadilika, na kwa hilo tuna mfano wetu wenyewe, mzuri kuliko mingi duniani, ambao nashangaa hatuutangazi.

Mwaka 1991 Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianza uchunguzi wa kaya zaidi ya 900 katika vijiji vya Kagera. Hawakuwa na habari ya wakimbizi. Walitaka kujua UKIMWI unazifanya nini familia zinazopoteza baba na mama. Walipima watoto urefu, wakaandika migomba, ng'ombe, mazishi. Mahojiano hayo yalikuwa na miezi michache tu tangu yamalizike pale, mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja tu. Benako, palipokuwa njia panda, pakawa mji mkubwa kuliko Bukoba. Mwishoni mwa 1996 wakimbizi wakarudishwa, mahema yakang'olewa, wageni wa magari meupe wakaondoka.

Lakini madaftari yalibaki. Mwaka 2004 wachunguzi walirudi kwa kaya zile zile, na tena mwaka 2010. Aliyehama walimfuata: Mwanza, Dar es Salaam, Uganda. Mtoto aliyepimwa mgongoni kwa mamaye mwaka 1992 walimkuta na duka lake na mke wake. Kaya zile 900 na kidogo zilikuwa zimezaa kaya zaidi ya 3,300. Katika kila kaya kumi za mwanzo, zaidi ya tisa zilipatikana angalau kwa mtu mmoja. Waliofanya kazi ile, ya kupanda pikipiki hadi mwisho wa barabara na kuuliza "mtoto wa fulani alielekea wapi", wengi wao walikuwa vijana wa Kitanzania, na nawavulia kofia.

Kutokana na madaftari hayo wachumi waliweza kuuliza: ujio wa wakimbizi uliwafanya nini wenyeji? Majibu hayakubaliani, na hiyo ndiyo thamani yake. Jean-François Maystadt na wenzake walikuta kwamba mkulima mwenye shamba lake alifaidika, kwa sababu alipata vibarua na wanunuzi, lakini mwenyeji aliyekuwa akiishi kwa kibarua aliumia, kwa sababu wakimbizi walifanya kazi ile ile kwa ujira mdogo. Walikuta pia kwamba karibu na zilipokuwa kambi hali ya maisha ilibaki bora hadi 2010, miaka mingi baada ya kambi kufungwa, na chanzo kikubwa ni barabara zilizotengenezwa kwa ajili ya malori ya msaada. Malori yaliondoka, ndizi zikapita. Javier Baez, kwa madaftari hayo hayo, aliwatazama watoto. Watoto wenyeji waliokuwa wadogo wakati wimbi lile linaingia, maji yakachafuka na magonjwa yakasambaa, walikuwa wafupi kidogo walipokuwa watu wazima, na wamesoma kidogo kuliko wenzao wa mbali na kambi.

Mnaona ugumu wake? Mwanasiasa akiniuliza leo, "Profesa, wakimbizi wametuletea faida au hasara?", kijiji kile kile kina barabara nzuri na kina kijana ambaye mwili wake haukufikia kimo chake. Naweza kujibu tu kwa kuuliza: faida ya nani, na mwaka gani? Anayetaka jibu la neno moja aende kwa mtafiti wa wiki mbili. Watapatana.

Najua pingamizi. Kurudi ni gharama. Mfadhili anatoa fedha ya miaka miwili na anataka ripoti mwezi wa ishirini. Mwanafunzi anataka shahada kabla hajazeeka. Watu hufa na kuhama, na wanaopatikana kirahisi ni wale waliotulia, hivyo orodha yako inajichuja na kubaki na waliofanikiwa bila wewe kujua. Hili la mwisho ni hatari kubwa, ndiyo maana nimewasifu wale wa Kagera kwa kumfuata hadi aliyehama.

Kuna jingine linaloniumiza zaidi, na si la fedha. Mtu anayehojiwa kila mwaka huchoka. Mzee mmoja wa Katumba alinizuia mlangoni mwaka 2012, kwa heshima, akasema amekwisha kujibu maswali ya watu kumi na mmoja na hajui hata mmoja wao alikwenda kuyapeleka wapi. Sikuwa na la kumjibu. Tukirudi, turudi tumebeba kitu: tulichoandika, kwa lugha wanayoisoma, kimesomwa mbele yao na wao wamekikosoa. Vitabu vya Malkki na Sommers, vizuri kama vilivyo, viko kwa Kiingereza, na wazee waliosimulia habari zile Mishamo wanazikwa bila kuvisoma. Halafu kuna suala la orodha. Majina na mahali pa watu waliotoka makazini bila kibali yakiingia mkononi mwa ofisa asiye na nia njema, utafiti umegeuka kuwa mtego. Vijana wa cherehani walikuwa na sababu ya kusema Kigoma. Mtafiti anayeahidi kurudi ana wajibu mara mbili wa kunyamaza.

Hata hivyo nasema turudi, na ninaposema "tu" namaanisha sisi. Mgeni anayekuja kutoka ng'ambo kwa mwaka mmoja, hata awe na akili namna gani, ana tiketi ya kurudi kwao. Sisi tuko hapa. Walimu wa sekondari ya Katumba wamewafundisha watoto wa wakimbizi, kisha watoto wa watoto hao ambao sasa ni raia. Muuguzi wa zahanati ana madaftari ya kliniki ya miaka 30. Katibu wa chama cha msingi cha tumbaku anajua nani aliacha kulima mwaka upi na kwa nini. Utafiti wa muda mrefu kuhusu Warundi wa 1972 umekwisha kufanyika. Umetawanyika kwenye makabati ya watu ambao hatujawahi kuwaita watafiti. Idara moja ya chuo, wanafunzi wanne kila mwaka, kata zile zile, kaya zile zile, kwa miaka 20: haihitaji zaidi ya nauli na uvumilivu. Ningefurahi kuiona ikianza kabla sijastaafu, na nimekwisha kuacha jina langu kwa yeyote atakayehitaji mtu wa kumwonyesha njia kutoka stesheni.

Nilikwenda mara ya tatu mwaka 2017. Treni ilichelewa, nikafika mchana. Nyumba ya udongo haikuwepo. Mahali pake palikuwa na nyumba ya matofali yale yale, bati juu, madirisha mawili yamewekwa mbao kungoja vioo. Mama alikuwa amezeeka, anatembea na fimbo. Cheti cha uraia kilikuwa ndani ya bahasha, ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya sanduku la bati, pamoja na kitambulisho cha ukimbizi, kadi za kliniki za watoto wake na stakabadhi za tumbaku. Hakuwa ametupa hata karatasi moja. Nikamuuliza swali la kumi na nne kwa mara ya mwisho, na safari hii sikushika kalamu.

Hakunijibu mara moja. Aliniambia habari za mdogo wake. Mwaka 2015, Burundi ilipochafuka tena, alikimbia na wanawe kutoka Makamba, akavuka mpaka ule ule aliouvuka akiwa mtoto mwaka 1972, akaandikishwa Nyarugusu, mkimbizi upya. Nyumba aliyokuwa ameshaijenga aliiacha. Mama humtumia maharage kwa basi kila baada ya mavuno.

Kisha akanipeleka nyuma ya nyumba. Palikuwa na matofali yaliyobaki, yamepangwa vizuri ukutani, kama mia nne hivi, yamefunikwa nyasi mpya.

"Haya," akasema, "ni ya mdogo wangu."